Nyumba Nilizozifuta

Alhamisi. Guangzhou, huku Uchina, ile ya mwezi wa tatu: kuta zinatoka jasho, nguo nilizofua Jumapili bado mbichi. Moyo wangu nao umeoza pamoja nazo.

Miaka mitatu sasa kazi yangu ni moja. Ndege ilipita juu ya msitu walikoishi Wamaya wa kale, huko Amerika ya Kati, ikimwaga miale ya leza. Miale ikapenya majani, ikagonga udongo, ikarudi kama mamilioni ya nukta. Mimi nakaa hapa chuoni nikifuta nukta za miti na vichaka, ibaki ardhi tupu. Msitu wenyewe sijawahi kuukanyaga.

Kwenye bonde moja nilifuta kila kilichoishia magotini, nikidhani ni vichaka. Nikaandika kwenye tasnifu, kwa kujiamini kabisa, kwamba pale hapakuishi mtu.

Jana nilikwenda mtaa wa maduka ya jumla wa Guangyuan Xilu kumsaidia shangazi kufunga marobota ya magauni anayopeleka Dar. Tukiwa tunamngoja mbeba mizigo, nikamwonyesha kwenye simu picha ya bonde kabla sijalisafisha. Shangazi hajui leza wala Wamaya. Akaikodolea macho.

"Mbona hapa pana nyumba, mwanangu? Si kama lile tuta la kwa bibi yako?"

Nyumba ya bibi kule Lushoto ilikuwa ya udongo. Ilipoanguka likabaki tuta la pembe nne, halifiki hata magotini. Nimecheza juu yake utoto wangu wote.

Na mimi huyo huyo nimeyaita matuta vichaka!

Leo asubuhi nimezirudisha nukta. Bonde limejaa vituta vya pembe nne, vitatu vitatu vikizunguka ua. Walioishi pale walikuwa watu wa kawaida tu, wasio na mapiramidi. Nikakimbilia kwa laoshi, mwalimu anayenisimamia. Akatazama, kisha akasema tasnifu imeshafika kwa watahini, niitetee Jumatatu kama ilivyo. Nikiifungua upya, ufadhili na viza vitaisha kabla sijamaliza.

Nilishusha pumzi. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilifurahi kukatazwa.

Maji yakimwagika hayazoleki, nimejiambia kutwa nzima. Uongo mtupu. Haya yanazoleka, ila wa kuyazoa ni mimi, na ninaogopa.

Jumatatu nitasimama mbele ya watahini niseme hapakuishi mtu. Shangazi ameahidi kuja kunishangilia, na gauni ameshachagua. Atakaa kiti cha mbele, yeye aliyeziona nyumba.

Nitamtazama kwa jicho gani?