Mende wa Mama Rukia

Jumatatu, 4 Machi 1985
Nimetoka kufundisha saa nane. Nimechambua dagaa, nimesonga ugali. Ndani ya droo ya vijiko kuna punje nyeusi, kama majani ya chai. Nikadhani ni chai kweli. Nimefuta.

Jumatano, 6 Machi
Punje tena. Na kidude cha kahawia, kigumu, kama haragwe dogo, kimegandishwa nyuma ya kabati. Nimekipasua. Mayai ya mende. Kumbe na ile harufu ya mafuta yaliyochacha ni wao. Miaka sita nyumba hii, sijawahi. Naona aibu.

Jumamosi, 9 Machi
Wawili, mchana kweupe. Mama alikuwaga anasema ukiwaona mchana, jua mafichoni wamejaa. Waliingia kwenye ufa wa ukuta tunaogawana na Mama Rukia. Yeye na mumewe, fundi cherehani, walihamia Januari kutoka Bunda na magunia yao ya vitambaa. Basi nimejua mende walikotoka.

Jumanne, 12 Machi
Nimemwambia mwenye nyumba. Nilitaka awaambie wasafishe tu. Lakini nilitia chumvi. Nilisema ni wachafu.

Alhamisi, 14 Machi
Mwenye nyumba amewapa mpaka mwisho wa mwezi wahame. Mama mkwe wa Mama Rukia yumo humo ndani anaumwa, hata kutembea hawezi. Mama Rukia alikuja akasimama mlangoni kwangu.
"Mwalimu, si ungeniambia mimi kwanza?"
Akaondoka.

Jumamosi, 16 Machi
Redio inakoroma. Magesa, mume wangu, ameifungua. Aliinunua Desemba kwa mtu wa Kiabakari aliyekuwa anahama. Kutoa tu kifuniko cha nyuma, mende wakamwagika mezani. Wakubwa, wadogo, maganda waliyojivua, mayai. Walifuata joto la redio. Tumewamwagia maji ya moto uani.
Magesa amesema, "Nyamaza tu. Wale si wanahama?"
Nimemchukia kidogo. Nimejichukia zaidi.

Jumapili, 17 Machi
Sikwenda kanisani. Nimekwenda kwa mwenye nyumba. Nimemwambia mende ni wetu, sisi ndio tumewaleta. Kafoka. Kasema basi tutoke sisi. Nikasema sawa. Alipopoa akasema wote tubaki, nyufa tuzibe wenyewe, na mende wakionekana tena, tunaondoka sisi.
Kisha kwa Mama Rukia. Nimemweleza yote, hata lile neno "wachafu". Alisikiliza huku anakunja nguo za mgonjwa.
"Nimekusikia, Mwalimu."
Basi.

Jumamosi, 23 Machi
Saruji hakuna mjini. Tumeziba kwa udongo na majivu, Magesa upande wetu, yule fundi upande wao. Kabati nimelitoa juani. Chakula chote nafunika.

Jumapili, 31 Machi
Wiki nzima sijaona punje. Akina Mama Rukia hawajahama.
Asubuhi bombani maji yalikuwa yanatoka kidogo, foleni ndefu. Mama Rukia alikuwa mbele yangu. Alisogeza ndoo yake, yangu ikapata nafasi. Nikaitega kando ya yake.