Simiti za Wekesa

Jumamosi.

"Rukeni! Msilale!" Kocha alitupigia kelele tena leo kwenye tizi ya kikundi hapa Kitale, na sisi wamama tukaruka tukihesabu kwa sauti moja. Nilicheka. Ndiyo maana naenda. Katika ile kelele mtu hasikii hata pumzi yake mwenyewe.

Wekesa wangu, Mungu amlaze pema, hangeweza kelele hiyo. Kule nyumbani Bungoma alikuwa akibeba vyuma peke yake nyuma ya jikoni. Vyuma gani? Bomba tu, na kila upande mkebe wa rangi aliojaza simiti. Mimi nikisonga ugali, namsikia akipumua. Jioni zote hivyo.

Mchana ndugu yake alinipigia simu akiwa kule nyumbani Bungoma. "Shemeji, si nichukue zile simiti nikandamize mabati ya nyumba ya kuku? Upepo unasumbua, bana."

Nikasema achukue. Ziko na kazi gani tena?

Akaweka simu chini bila kuikata, akaanza kuziinua. Anapumua vilevile. Vilevile kabisa.

Nilishikilia simu sikioni mpaka akakumbuka kuikata.