Spana ya Mjomba na Nati ya Breki

...na hayo niliyokuandikia mwezi uliopita kuhusu harusi yetu, mpendwa mshauri, yalikuwa nusu tu, kwa sababu tangu tuhamie chumba chetu hapa Mwembesongo kila asubuhi naamka namtazama Halidi wangu na kujiuliza nilimfanyia Mungu nini hata akanipa mwanamume anayenuka grisi na mimi nikaona ananukia, na mchana nampelekea chakula gereji nakaa namwangalia anavyofanya kazi mpaka wenzake wanamtania, "Fundi, shemeji amekuja kukukagua," naye anacheka tu.

Naomba msaada kwa jambo moja. Siku ya harusi Mjomba Maneno, ambaye kwetu Waluguru ana neno juu yangu kuliko hata baba, alimpa Halidi mbele ya watu spana yake ya miaka thelathini, ile ya kurekebisha mdomo ambayo mafundi wanaiita spana malaya, nisamehe, ndilo jina lake, akasema, "Mkwe, hii inafungua kila kitu," na tangu siku hiyo Halidi anaona kuiweka pembeni ni kumdharau mzee, kwa hiyo wiki iliyopita mjomba alipoleta pikapu yake ibadilishwe mpira wa kupitisha mafuta ya breki, akasimama pale pale kuangalia, Halidi akaichukua hiyo hiyo ingawa anajua nati za paipu za breki ni laini, ikateleza, ikala pembe za nati mpaka ikawa mviringo, akamalizia kukaza kwa praizi na mjomba akapanda zake mlimani kwake Mgeta akiwa na furaha.

Jumapili tulikwenda kumsalimia, nikaona upande wa ndani wa tairi la pikapu kuna majimaji, nikamnong'oneza Halidi, akasema, "Nyamaza mke wangu, nitaikaza akishuka," lakini mjomba hushuka kila Jumanne na kabichi kwenye kona zile, na mimi nikisema namwaibisha mume wangu kwa ukoo mzima kabla ndoa haijafika miezi miwili, nisiposema silali. Nifanye nini?

Shakila, Mwembesongo

*

Shakila mwanangu, hongera kwa ndoa, na sasa punguza mapenzi kidogo unisikilize. Barua nzima ni harusi, na breki umeziweka mwishoni. Ilinifikia Jumatatu, ndiyo maana nilikupigia kabla ya kushika kalamu nikakuambia umpe Halidi simu. Wasomaji wajue alichofanya. Alimpigia mjomba wako papo hapo: "Shikamoo mjomba. Gari lisitoke. Nati ya breki nimeiharibu mimi." Mzee akauliza, "Na kabichi zangu utazibeba wewe?"

Hiyo ndiyo aibu yote uliyokuwa unaiogopa. Lakini ulikuwa tayari kuficha kosa la mumeo huku mjomba anashuka mlima, na hilo sitakusamehe upesi.

Kazi bado ipo. Halidi apande Mgeta na paipu mpya yenye nati yake, asiirudishe ile iliyolika wala kuizungushia tepu. Anunue spana ya paipu, ile ya ringi iliyokatwa upande mmoja ili ipite kwenye paipu. Hiyo inaikumbatia nati karibu pembe zote, wakati spana ya mdomo inashika pande mbili tu. Achague saizi inayokaa bila kucheza, asikisie. Spana ya pili ishike kichwa cha mpira usijisokote, na akimaliza atoe upepo kwenye breki, wewe ukimkanyagia pedali, maana unapenda kukaa naye kazini.

Zawadi ya mjomba aitumie kwenye nati kubwa zinazovumilia. Mzee aelezwe hivyo na Halidi mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwa na spana zote mbili mkononi. Wewe usimsemee. Aliyeishi na vyuma miaka thelathini ataelewa kuliko unavyodhani, na akikasirika, atakasirika akiwa mzima.

Mimi nina gari ambalo mpira wa klachi unavuja tangu masika, na nimeshawakimbia mafundi wawili waliouendea na praizi. Fundi aliyeweza kukiri kosa kwa mjomba wa mkewe ndiye nimtakaye. Mwambie kabla mwezi huu haujaisha nitalileta hapo Mwembesongo.

Ester