Binti yangu anataka kuhama kwa sababu ya Kifaransa changu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako nikiwa hapa hapa kwenye cherehani, maana kushona kwenyewe kumenishinda. Binti yangu, kitinda mimba wangu, anasoma Kifaransa, na simsifu kwa kuwa ni wangu, ila yule mtoto ana akili hadi majirani wanakiri, darasani hakuna anayemfikia, nami ingawa shule niliiachia njiani nimemsaidia kwa nguvu zote, namkalisha kwenye meza ya kukatia vitambaa avikate vitenzi silabi kwa silabi, fi-nis-sons, par-le-rons, nami nagonga meza kwa rula, ile silabi ya kabla ya mwisho naigonga kwa nguvu kama tunavyosema sisi, ku-PI-ka, ku-SHO-na, na wateja wakiingia namwambia, "Hebu wasikie mama zako!" Sasa mwalimu amesema mkazo wake wote umekaa vibaya, mtihani wa kuzungumza ni wiki ijayo, na juzi mbele ya mteja aliyekuja kujaribu gauni binti yangu akaniambia, "Mama, Kifaransa chako hicho kitaniangusha." Tangu hapo hanisomei tena, anataka kuhamia kwa mama yake mdogo mpaka mtihani upite. Mdogo wangu ambaye hata kusalimia kwa Kifaransa hajui! Nimruhusu, au niende nikamweke sawa huyo mwalimu?

Mama Cherehani

Mama Cherehani, kwa mwalimu usitie mguu. Yuko sahihi. Kifaransa hulemea mwishoni: par-le-RONS, fi-nis-SONS. Tena silabi zake hukatwa kwa sikio. "Parlent" ukiitazama ni ndefu, ukiitamka ni pigo moja tu, "parl", zile herufi za mwisho ziko kimya. Ulimfundisha kwa mapenzi, ukamfundisha vibaya. Hilo mwalimu atalinyoosha.

Ila kumfanya maonyesho ya dukani, dada yangu, hapo umezidisha. Akikosea darasani anasahihishwa, basi. Akikosea mbele ya wateja wako anabaki na aibu, na wewe unachekelea. Unalalamika kwamba mdogo wako hajui Kifaransa. Ndiyo maana mtoto anamkimbilia. Pale hatasikilizwa na mtu.

Mruhusu. Mfungie nguo zake mwenyewe, umwambie, "Mwanangu, nilikupotosha, mfuate mwalimu wako." Usipige simu kuuliza masomo. Na akirudi kutoka kwenye mtihani, muulize kwanza kama amekula.