Bambo Halijafika Busasamana

Mbugangari, Gisenyi

Faustini,

Nani alikufundisha kuhamisha watoto kwa kusikia redio? Si mimi. Marehemu baba yako alikuwa hanunui hata mbuzi kabla hajamfungua mdomo akamtazama meno, na wewe mwanawe, uliyesoma mpaka ukapewa watoto wa wenzio uwafundishe, unaanza safari nzima kwa maneno ya mtu ambaye hata uso wake huujui! Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimekaa, mara ya pili nimesimama, na tangu hapo makalio yangu hayajaonana na kiti.

Haya, salamu sasa, nisije nikaonekana sikulelewa. Hujambo? Mkamwana wangu Regina hajambo? Ule uvimbe wa miguu umepungua? Wajukuu zangu wanakohoa bado? Mimi nipo. Goti linanisumbua mvua ikikaribia, na hapa mvua inakaribia kila siku. Claudine, mtoto wa marehemu dada yako, anasoma vizuri na ana kiburi kama changu, atafika mbali. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kuandika huko mliko, Karagwe, kwenye kisomo cha watu wazima, na pia ili Regina asome kwa macho yake, usije ukamsomea nusu na nusu ukaimeza.

Umeniandikia hivi: "Mama, redio imesema wamefanya utafiti mkoa mzima, prefektura yote ya Gisenyi, na nyumba nyingi zinakula mara mbili kwa siku. Utafiti haudanganyi. Mwezi ujao Regina na watoto wanapanda lori kwenda Busasamana, kwenye shamba la baba. Mimi nitafuata shule zikifungwa."

Utafiti haudanganyi! Basi nikuambie, huo utafiti wako uliingia kwangu. Ulikalia gunia langu la maharagwe ya mtaji, ya kuuza si ya kula, na kunywa maji kwenye kikombe changu cha bati. Jina lake Solanji.

Ni binti wa Kigali aliyezaliwa Uganda, kakonda, viatu vya kiume. Mkuu wa mtaa wetu, ambaye hapa wanamwita responsabule, alitaka kumpeleka kwa rafiki zake wenye mabati mapya. Binti akamkatalia mbele ya watu. Alikuwa ameziorodhesha nyumba zote za mtaa, akaanzia ile iliyoangukiwa na namba aliyoipata kwa kura, kisha akawa anaruka nyumba kadhaa anaingia, anaruka tena, anaingia. Wachuuzi waliokuwa wamevuka mpaka pale Grande Barrière hakuwasamehe. Aliwarudia alfajiri kabla hawajajitwika. Akampita jirani yangu Mama Safi, akaingia kwangu.

"Kwa nini mimi?" nikamwuliza.

"Si mimi niliyekuchagua, mukecuru. Ni namba."

"Namba inanijua mimi bibi kizee?"

"Haikujui, ndiyo maana naiamini. Nikichagua kwa macho nitaingia kwa wanaonichekea."

"Basi kwangu usingeingia."

"Nisingeingia," akasema, bila hata kupepesa macho. Hapo nikaanza kumpenda kidogo.

Akauliza mengi. Nani analala hapa, nani kazaliwa, nani kafa, maji tunachota wapi. Nikamjibu. Mwishoni akauliza, "Jana mlikula mara ngapi?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama Safi, ambaye hata hakuulizwa, akaropoka kutoka mlangoni. Yeye ni mzaliwa wa Goma, ng'ambo ya mpaka, ulimi wake hauna kufuli. "Mama, we andika tu! Huku tunakulaka muzuri, asubui na mangaribi. Sisi haiko batu ya njaa!"

"Nimemuuliza mukecuru," akasema binti.

"Mara mbili," nikasema.

Sasa wewe Faustini, mtoto wa nyumba hii, niambie: lini ulimsikia mtu wa kwetu akimwambia mgeni kwamba hakula? Mwaka ule wa ukame si ulikwenda shule na uji mtupu tumboni, mwalimu alipokuuliza ukamjibu umekula nyama? Nilikusifu. Ningekusifu hata leo. Basi chungu changu kilikuwa kimeinamishwa pale pale kwenye kichanja, kikavu, mbele ya macho ya yule binti, nami nikasema mara mbili, na sioni haya. Alipoondoka nilimkemea Mama Safi kwa kuingilia mazungumzo ya watu, naye akaniambia, "Bon, ulitaka niseme nini? Nimuambie mutoto wa Kigali kama kwangu sufuria iko kavu? Na haya yangu niweke wapi?" Jambo hilo ungelijua bila kuambiwa na mtu. Ulilinyonya kwangu.

Ngoja. Nimetoka kuangalia barabarani. Lori la Hamisi, yule dereva wa Ngara atakayekuletea barua hii, bado wanalipakia. Hamisi anasema naandika polepole kama konokono anayekwenda kuoa. Nimemwambia konokono angalau anaijua nyumba anayokwenda nayo.

Nirudi kwa binti. Nilimcheka. Nikamwambia, "Mwanangu, umeingia nyumba chache, umeruka nyingi, halafu utasema unaijua Gisenyi?" Hakukasirika. Akatazama ukutani, akaliona bambo langu, lile la chuma ninalochomea magunia sokoni.

"Hiki unakifanyia nini?"

"Nachoma gunia, natoa punje, naangalia kama maharagwe ni mazima au yameliwa na wadudu."

"Kwa nini humwagi gunia lote chini ukaangalia punje moja moja?"

Faustini, nililiangua bambo ukutani nikaligeuzageuza. Miaka yote ninachoma magunia na sikuwahi kujiuliza. Huhitaji kumwaga gunia. Punje za mkono mmoja zinatosha kukuambia habari za gunia zima, mradi umezitoa sawasawa.

"Tena, mukecuru, ukichoma mara mbili gunia lile lile, unapata sawa?"

"Hata. Mara hii mbovu mbili, mara ile moja, mara nyingine hamna."

"Basi na sisi vivyo hivyo. Hatuwezi kusema ni ngapi hasa. Tunasema ni kati ya hapa na hapa." Akaiweka mikono yake kama anayeonyesha urefu wa samaki. "Tukichoma mara chache, mikono inakaa mbali hivi. Tukichoma mara nyingi, inakaribiana. Lakini haikutani kamwe."

Nilitaka nimpate mahali. Nikamwambia, "Na muuzaji akinishika mkono, akasema choma hapa, usichome pale?"

Akaacha kutabasamu. "Hapo hata ukichoma siku nzima, umejua upande ule ule mmoja. Kuchoma sana hakukusaidii."

Kisha akatazama upande wa milima ya moto, akaniambia bila kuulizwa kwamba Busasamana hawakufika. Vilima vya kule viliangukiwa na namba kama nyumba yangu, lakini askari waliwarudisha njiani kwa sababu ya usalama, na wakubwa wake wakasema wasipoteze siku, wachukue vilima vingine vilivyo karibu na lami. "Nimeliandika hilo katika ripoti," akasema. "Mwishoni."

"Mwishoni nani anasoma?"

Akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Aliposimama akasema taratibu, "Na lingine, mukecuru. Kila nyumba niliyoingia mtaani hapa ilikula mara mbili jana. Lakini jiko lenye moto nimeliona moja tu. Bibi yangu kule Uganda alikuwa hivi hivi. Hilo nalo nitaliandika."

Nikamwambia aende zake. Lakini nilimpa maharagwe yaliyojaa viganja vyake, akayakataa kwanza, kama alivyotakiwa, kisha akayapokea.

Kwa hiyo simlaumu binti. Kazi yake aliifanya, na mapungufu yake aliyasema mwenyewe. Namlaumu mwenye redio aliyesoma mwanzo akaacha mwisho, na nakulaumu wewe uliyemmeza na mifupa. Sikuambii hesabu yao ni uongo. Nyumba zote za prefektura ukiziweka pamoja, pengine ni kweli, kuzidi kidogo au kupungua kidogo, na kupungua zaidi kwa sababu ya watu wenye haya kama sisi. Lakini wewe huwapeleki watoto kwenye prefektura nzima! Unawapeleka kwenye nyumba moja, kilima kimoja, na kilima hicho hakuna bambo lililokigusa. Neno langu la "mara mbili" lilitoka humu peke yake, likasema kwa niaba ya nyumba zote alizoziruka, likapita Kigali, likapita redioni, likafika Karagwe, na sasa linarudi limewabeba wajukuu zangu mgongoni. Nilikuwa nalinda heshima ya chungu changu. Sikumwalika mtu kwenye chungu cha Busasamana.

Na ukitaka habari za Busasamana, sikiliza. Shangazi yako, dada wa baba yako anayelinda hilo shamba, aliteremka juzi kwa miguu na kikapu kichwani, kimefunikwa kitambaa safi kama cha bibi harusi. Tukasalimiana, tukakumbatiana, nikamwuliza, "Mmekula huko, wifi yangu?"

"Tumeshiba, wifi."

"Viazi?"

"Viazi vipo."

Akaninywea uji wote niliomtilia bila kuuliza ni wa nini, yeye ambaye tangu ujana haugusi uji wa mtama. Kuhusu kulala hakunificha, kwa sababu hofu si aibu: kwa kuwaogopa wenye bunduki wanaokuja usiku, jioni wanateremka kulala kwenye madarasa ya shule, asubuhi wanapanda tena, na siku inaishia njiani. Jembe litashikwa saa ngapi? Alipokwenda uani, nikafunua kikapu. Ndani kulikuwa na nyasi, Faustini. Nyasi mbichi, zimepangwa vizuri ili kitambaa kiinuke, watu wa njiani wasiseme dada wa baba yako anakwenda kwa wifi yake na kikapu kitupu.

Nilizitoa nyasi nikatia maharagwe, nikafunika kitambaa kama alivyokifunika yeye. Akajitwika. Akausikia uzito shingoni, akasimama kidogo. Tukaagana kwa maneno ya mvua.

Hapo mlangoni pake ndipo unapotaka kuwashusha Regina na watoto. Atawapokea kwa vigelegele. Atawaambia vipo. Atawapa mbegu wale na yeye atasema ameshakula, mpaka siku atakapoanguka.

Tangu aondoke siwezi kutulia. Nafagia palipofagiwa. Kila gari likivuma kwenye lami nadhani ni ninyi. Claudine anasema, "Bibi, kaa chini, lori la mwezi ujao haliji leo." Najua haliji leo! Lakini barua hupotea, na mkaidi huwahi kufunga mizigo.

Msalimie mkwe mwenzangu, mama yake Regina, mwambie dawa ya mgongo aliyonipa niliitumia kwenye goti na haikusaidia popote. Msalimie mjomba wako fundi cherehani, gauni alilonishonea linanibana kwapani, asijisifu. Wajukuu zangu wabusu vichwani. Mwalimu wangu wa kisomo, kama yu hai, mwonyeshe barua hii aone kama nilikuwa nasinzia darasani.

Regina mwanangu, wewe nakuandikia mwenyewe: lori likija, usipande. Akikuambia upande, kaa chini katikati ya barabara na miguu yako hiyo iliyovimba, useme mama mkwe wako ndiye aliyekuketisha.

Na wewe Faustini, shule zikifungwa njoo peke yako. Njia ikiwa wazi, panda Busasamana bila kutuma habari, usimwambie hata responsabule. Usiishie nyumba za kando ya barabara. Ingia na zile za juu, na zile za nyuma ya kilima, hata zisizokuchekea. Choma juu, choma chini, choma katikati. Usiulize mtu kama kala. Tazama jiko, tazama mbegu zilizobaki, tazama watoto wanavyokimbia au wasivyokimbia. Ndipo urudi Karagwe, wewe na mkeo muamue, na mtakaloamua nitalikubali hata kama nitalilalamikia.

Hamisi anapiga honi. Ni mimi mama yako, Nyirakamana, niliyekuzaa na bado sijamaliza kazi. Utakapokuja utapita kwangu kwanza. Usiniulize kama kuna chakula, maana nitakuambia kipo. Funua chungu.