Vidonge ndani ya pindo

Mjukuu wangu Riziki,

Huku kambini Dzaleka tuko wazima, mama yako anashona nguo za kwaya. Umeniuliza toka Lilongwe: kifua chako kimepona, je, umuwekee mdogo wako anayekohoa amoksisilini iliyobaki? Hapana. Maliza dawa yako yote. Yeye apimwe hospitali.

Wakati wa vita, tulipofika hapa toka kwetu Fizi, na mi nilipewa vidonge vile juu ya kidonda cha mguu. Maumivu yakatulia, nikashonea vilivyobaki ndani ya pindo la kitenge, vya safari ingine ya kukimbia. Kidonda kikarudi na usaha. Muuguzi alipoona lile pindo akacheka: "Mama, unakimbilia wapi tena?" Akanipa dozi mpya.

Siku nilimeza kidonge cha mwisho, njo nilijua tumefika.

Nyanya yako