Tumbo la Sponji

Shoga, pokea simu! Haya, basi soma.

Unakumbuka lile tumbo la sponji nililomshonea wifi, la ile filamu anayoigiza, ya mwanamke mwenye mimba ya shetani? Lile lenye mota ndani, ukibonyeza rimoti linapiga teke? Leo alikuja kulijaribu kwangu. Mama yangu akaingia bila hodi.

Miaka tisa anamwita mkwewe mgumba, leo kampigia magoti. KAMPIGIA MAGOTI! Analipapasa tumbo huku analia, "Mwanangu, nisamehe." Wifi kaganda. Rimoti ninayo mimi.

Nikabonyeza.

Usiniulize kwa nini! Lilipopiga teke, mama akapiga vigelegele. Mkanda wa tumbo ukakatika. Tumbo puu, sakafuni, bado linarukaruka kama samaki.

Mama akainuka, akajipangusa magoti, akasema taratibu kabisa: "Hata la sponji limekataa kukaa kwako."

Nikacheka, shoga. Sijui kilichonipata, nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Wifi akaliokota, akatoka nalo kwapani. Mama hakumtazama hata mara moja. Alinitazama mimi.